Damu Haipandi, Kuzimia Hakuishi: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Upungufu wa Madini ya Chuma

Mtu akipimwa mara ya tatu damu ikawa bado 7 au 8 (gramu kwa desilita), akapewa tena vidonge vile vile na kuambiwa ale mboga za majani, ana haki ya kuuliza swali moja kabla hajatoka kwa daktari: hii damu yangu inakwenda wapi? Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na kwa siku huvuna kama miligramu 1 au 2 kutoka kwenye chakula. Kila mililita ya damu inayotoka huondoka na karibu nusu miligramu. Mwanamke anayepoteza mililita 80 kwenye hedhi moja amepoteza chuma cha miligramu 40 hivi, yaani karibu mavuno ya mwezi mzima. Ukiishika hesabu hiyo ndogo, utaona kwa nini upungufu huu hukaa miaka na kwa nini glasi ya juisi nyekundu haiuondoi.

Jambo la pili ni kuzimia. Kwetu mtu akianguka, jibu huwa tayari mdomoni: "damu imepungua" au "presha imeshuka". Huenda ni kweli. Lakini damu inapopungua polepole, mwili huzoea. Wapo watu wanaofanya kazi wakiwa na damu 7 na hawajawahi kuanguka hata siku moja. Kuzimia kunahitaji uchunguzi wake, sambamba na ule wa damu, kwa sababu tatizo la moyo au mimba iliyotunga nje ya kizazi linaweza kujificha nyuma ya jina la anemia.

Nenda hospitali leo, usisubiri, ikiwa:

- umezimia ukiwa unakimbia, unapanda mlima au unabeba mzigo, au umezimia ukiwa umelala;
- moyo ulianza kwenda mbio ghafla au kifua kilibana kabla hujaanguka;
- kwenye ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana, kabla ya miaka 40;
- hedhi imechelewa au unatoka matone ya damu, tumbo la chini linauma, kisha ukazimia. Mimba iliyopasuka nje ya kizazi humwaga damu ndani ya tumbo, na hapa dakika zina thamani;
- unapata choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya kupita kawaida, au unatapika damu;
- unahema ukiwa umekaa tu, au miguu imevimba;
- karatasi ya maabara inaonyesha damu chini ya 7, au chini ya 8 na mwili hauna nguvu kabisa. Mjamzito asisubiri hata kama anajiona mzima.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni chuma

Kipimo cha kidoleni hukupa namba moja tu, wingi wa damu (himoglobini, Hb). Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa kupungukiwa akiwa chini ya 12, mwanaume chini ya 13, mjamzito chini ya 11 (10.5 kwenye miezi mitatu ya kati). Anayeishi nyanda za juu, mfano Nairobi au Mbeya, huhitaji kiwango cha juu kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi.

Namba hiyo haisemi sababu. Omba picha kamili ya damu, kisha angalia palipoandikwa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Chini ya 80 maana yake chembe ni ndogo, na chuma ndiye mshukiwa wa kwanza. Zikiwa kubwa kuliko kawaida, zaidi ya 100, fikiria upungufu wa foliki asidi au vitamini B12, pombe, au dawa fulani. Hapo vidonge vya chuma peke yake havitakusaidia.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni feritini, ambacho hupima ghala la chuma mwilini. Chini ya 15 (mikrogramu kwa lita) kwa mtu mzima, ghala ni tupu. Madaktari wengi huanza kutibu feritini ikiwa chini ya 30. Tahadhari moja: feritini hupanda kwa uongo mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, kwa hiyo anayeumwa malaria, TB au ugonjwa wa viungo anaweza kuonyesha 50 na bado ghala likawa tupu. Kwa mtu wa namna hiyo Shirika la Afya Duniani hutumia kikomo cha 70. Kumbuka pia kwamba ghala linaweza kukauka kabla namba ya damu haijashuka: mtu ana damu 12.5, feritini 8, na anachoka, nywele zinakatika, miguu inamcheza usiku hadi hapati usingizi. Huyo naye anahitaji matibabu.

Feritini haipatikani kila zahanati. Ikikosekana, daktari anaweza kukuanzishia chuma na kupima tena baada ya wiki 4. Damu ikipanda vizuri, jibu limepatikana. Lakini kabla ya kumeza chuma miezi na miezi, hakikisha umepimwa selimundu, hasa kama kwenye familia kuna mwenye ugonjwa huo. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi, na kwake vidonge hivi ni mzigo kwa ini na moyo.

Hatua ya pili: tafuta tobo

Vidonge hujaza ndoo. Ndoo ikiwa na tobo, utajaza hadi uzeeni.

Kwa wanawake, anza na hedhi, na usitumie neno "kawaida". Wengi hulelewa na mama na dada wanaotoka damu nyingi, kwa hiyo wingi huo kwao ndio kawaida. Hesabu. Kwa miezi miwili andika idadi ya pedi kila siku, zimelowa kiasi gani, na kama kuna mabonge. Hedhi ni nzito ikiwa unabadilisha pedi iliyolowa kila baada ya saa moja au mbili, unaamka usiku kubadilisha, unavaa mbili kwa pamoja, mabonge yanazidi upana wa sarafu kubwa, au damu inakwenda zaidi ya siku 7. Peleka karatasi hiyo kwa daktari na uombe utrasaundi ya kizazi, kwa kuwa uvimbe wa fibroidi ni sababu inayojirudia sana kwa wanawake wetu. Kitanzi cha shaba nacho huongeza damu ya hedhi. Chenye homoni huipunguza, na ni moja ya matibabu mazuri ya hedhi nzito. Ipo pia dawa ya traneksamiki asidi, kwa kawaida gramu 1 mara tatu kwa siku, siku zile za damu nyingi tu, zisizozidi 4 au 5. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni hapaswi kuitumia.

Tumbo ni eneo la pili. Waswahili wana neno safura kwa ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu mpaka mtu akapauka. Minyoo hii huingia kupitia ngozi ya miguu peku kwenye udongo wenye kinyesi, kisha hujishika kwenye utumbo na kunywa taratibu. Mmoja hunywa kidogo sana. Mamia humkausha mtu. Dawa yake ni albendazo miligramu 400 dozi moja, na viatu shambani ili isirudi. Anayeishi kando ya ziwa au kwenye mashamba ya mpunga apimwe kichocho, kwa mkojo na kwa choo.

Halafu kuna dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mgongo, magoti au hedhi huchubua ukuta wa tumbo, na damu huvuja matone kwa matone bila maumivu yoyote. Wagonjwa wengi hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa. Zitaje. Pamoja nazo taja vidonda vya tumbo, bawasiri inayotoa damu, na operesheni yoyote ya tumbo.

Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye upungufu wa chuma usioeleweka anatakiwa kupimwa kwa kamera, tumboni na kwenye utumbo mpana. Hatusemi hivi kumtisha mtu. Saratani ya utumbo mpana wakati mwingine hujitangaza kwa damu kupungua tu, miezi mingi kabla ya dalili nyingine, na ikikamatwa hapo mara nyingi hutibika. Kumpa baba wa miaka 60 vidonge na kumwambia apumzike ni kosa.

Hatua ya tatu: meza chuma inavyotakiwa

Hapa ndipo wengi wanapoteza miezi, kwa hiyo tuende polepole.

Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Ferasi fumareti ya miligramu 200 ina kiasi hicho hicho, lakini ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina 35 tu. Kile cha chuma na foliki asidi kinachotolewa kliniki, ambacho wengi hukiita fefo, kina chuma cha miligramu 60 hivi. Soma boksi, usihesabu rangi wala ukubwa wa kidonge.

Kwa mtu mzima, kidonge kimoja kwa siku kinatosha mara nyingi. Zamani watu waliandikiwa vitatu. Sasa inafahamika kwamba ukimeza kimoja, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa karibu saa 24. Cha mchana na cha jioni hukuta mlango umefungwa, vikabaki tumboni kuleta kichefuchefu na choo kigumu. Ndiyo maana anayesumbuliwa sana anaweza kumeza siku moja na kuruka moja, na bado damu ikapanda.

Mpangilio wa siku unaofanya kazi ni huu. Umeamka saa 12 asubuhi, tumbo tupu: meza kidonge na glasi ya maji, kula chungwa au pera. Endelea na shughuli zako. Saa 1 asubuhi, au baadaye kidogo, ndipo unywe chai. Saa moja hiyo ya kusubiri ndiyo dawa yenyewe, maana chai, iwe ya rangi au ya maziwa, pamoja na kahawa, hushika chuma kikapita bila kufyonzwa; kikombe kimoja pamoja na chuma cha mimea kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kama asubuhi haiwezekani, meza usiku unapolala, saa 2 baada ya chakula. Aliyefunga Ramadhani afanye hivyo, kwa sababu futari yetu huja na chai na uji. Na mwenye damu ya chini sana anayezimia asione haya kutumia ruhusa ya mgonjwa, akalipa siku zake atakapopona.

Vitenganishe na kidonge cha chuma:

- maziwa, mtindi, vidonge vya kalisi na dawa za kiungulia za kutafuna: saa 2;
- doksisaiklini na siprofloksasini: saa 2 hadi 3, kwa sababu chuma huziua nguvu;
- dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini: saa 4;
- dolutegravir kwa anayetumia ARV: imeze saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake, au meza vyote kwa pamoja na mlo kamili. Usizimeze pamoja tumbo likiwa tupu.

Omeprazo hupunguza tindikali ambayo chuma inaihitaji, kwa hiyo mtu anayeimeza miaka mingi amweleze daktari. Mjamzito anayepewa SP ya kuzuia malaria atumie foliki asidi ya miligramu 0.4 iliyo kwenye fefo, asiongeze ya miligramu 5 ya dukani, kwa sababu dozi hiyo kubwa hudhoofisha SP.

Choo kitakuwa cheusi au kijani kilichokolea. Hiyo si hatari. Cheusi cha chuma ni kikavu na cha kawaida kwa harufu; kile cha damu hung'aa, hunata na kunuka vibaya. Ukipata kichefuchefu, meza pamoja na chakula kidogo kisicho na chai wala maziwa. Utafyonza pungufu, lakini ni afadhali mara kumi kuliko kuacha. Choo kigumu kinataka maji, papai, na kutembea. Kikizidi, badilisha aina ya chuma au ruka siku.

Vidonge vifungie mbali na watoto. Vimepakwa rangi na sukari, vinafanana na peremende, na vidonge 10 vya miligramu 65 vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10. Mtoto akivimeza, kimbilia hospitali hata kama anacheza, kwa sababu sumu ya chuma hutulia saa kadhaa kisha hurudi kwa nguvu. Na usimpe mtoto mdogo chuma kwa kukisia. Utafiti uliofanyika kisiwani Pemba na kuchapishwa 2006 ulionyesha kwamba kuwapa watoto chuma kwa jumla mahali penye malaria nyingi, bila kuwapima, kuliongeza kulazwa na vifo. Mtoto hupimwa kwanza, hulala kwenye chandarua, malaria hutibiwa, ndipo chuma hufuata.

Pima tena wiki ya 4. Damu inatakiwa iwe imepanda 1 hadi 2. Ikifika kiwango cha kawaida usiache: endelea miezi 3 zaidi ili ghala lijae. Karibu wote tunaowaona damu ikishuka tena baada ya miezi sita waliacha siku walipojisikia vizuri.

Ikiwa haijapanda, pitia maswali haya kwa ukweli, na kwa mpangilio huu. Vidonge vimemezwa kweli, vingapi kwa wiki? Chai ilikaa mbali? Tobo limezibwa? Kuna bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ambaye hajatibiwa? Unakula udongo? La mwisho huulizwa mara chache na huleta aibu bure. Hamu ya udongo wa kula, mchele mbichi au barafu ni dalili ya upungufu wa chuma wenyewe, haihusiani na tabia ya mtu. Udongo nao hushika chuma tumboni, mduara ukajifunga. Hamu hiyo mara nyingi hukatika chuma kinapoanza kupanda, ndani ya wiki chache. Mwambie daktari bila kuinamisha kichwa.

Chakula: kinafanya nini na hakifanyi nini

Chakula hulinda damu iliyopanda. Peke yake hakitoi mtu kwenye 7 hadi 12, na anayesema hivyo anamchelewesha mgonjwa. Bitruti na rozela zina rangi ya damu, lakini chuma chake ni kidogo: gramu 100 za bitruti hazifiki hata miligramu 1. Kunywa ukipenda, usiziite dawa.

Chuma kinachofyonzwa vizuri kimo kwenye nyama nyekundu, maini, figo, bandama, samaki na dagaa. Kipande cha maini cha ukubwa wa kiganja mara moja kwa wiki ni kizuri, ila mjamzito apunguze maini kwa sababu ya vitamini A nyingi. Dagaa wazima, pamoja na vichwa, ni nafuu na huingia kila mboga. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa kwenye maharage husaidia hata chuma cha maharage yenyewe kufyonzwa.

Maharage, kunde, choroko, dengu, ulezi na mboga za majani zina chuma kilichofungwa. Kifungue hivi: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Ulezi uchipushe kidogo kabla ya kusaga, au chachusha uji wake. Mwishoni, ukishaepua mboga, kamua ndimu juu yake. Vitamini C ikichemshwa sana hupotea. Ubuyu, embe, pera na nyanya mbichi za kachumbari hufanya kazi hiyo hiyo.

Dripu ya chuma na kuongezewa damu

Dripu hufaa pale vidonge vimeshindikana, utumbo haufyonzi, damu inatoka kwa kasi kuliko inavyojazwa, au mjamzito amebakiza wiki chache. Huwekwa hospitali, na baada yake unakaa dakika 30 chini ya uangalizi kwa sababu ya mzio, ambao ni nadra ila unaweza kuwa mkali. Ukihisi mkono unaungua pale sindano ilipo, sema mara moja: chuma kikivuja chini ya ngozi huacha doa la kahawia linaloweza kudumu miaka.

Kuongezewa damu huokoa maisha na chupa moja hupandisha kama 1 hivi kwa mtu mzima. Lakini hakujazi ghala wala hakuzibi tobo, kwa hiyo aliyeongezewa aondoke na vidonge na tarehe ya uchunguzi.

Kuzimia: kusanya ushahidi

Kuzimia kwa kawaida hutokea hivi. Umesimama kwenye foleni, au kanisani, au ndani ya daladala yenye joto. Unapiga miayo. Jasho baridi linatoka mgongoni, tumbo linachafuka, sauti za watu zinakuwa mbali kama wako chumba cha pili, macho yanaingia giza kuanzia pembeni. Damu imeteremkia miguuni, moyo umepunguza mwendo, ubongo umekosa damu kwa sekunde chache. Mwenye upungufu wa chuma, aliyekunywa maji kidogo na kuruka kifungua kinywa, hufika hapo haraka kuliko mwingine.

Andika kila tukio siku hiyo hiyo: saa, ulikuwa umesimama au umekaa, ulikula na kunywa nini, siku ya ngapi ya hedhi, dalili za kabla, muda wa kupoteza fahamu, na ulivyojisikia baada ya kuzinduka. Mwombe aliye karibu arekodi kwa simu. Sekunde 20 za video humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, hasa kutofautisha na kifafa. Mtu aliyezimia tu anaweza kutetemeka sekunde chache na akazinduka akijua yuko wapi. Kifafa hutetemesha kwa dakika moja au zaidi, ulimi huumwa pembeni, na mtu hukaa amechanganyikiwa kwa muda mrefu. Kuna waliopewa dawa za kifafa miaka mingi bure, na waliopelekwa kwa waganga huku moyo ndio ulikuwa mgonjwa.

Pima presha nyumbani au zahanati kwa utaratibu huu. Lala dakika 5, pima. Simama, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, presha inaporomoka ukisimama. Angalia pia mapigo: yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama na presha haijashuka (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19), mwambie daktari, ingawa anemia na ukosefu wa maji navyo huleta hali hiyo, kwa hiyo virekebishwe kwanza.

Kila aliyezimia anastahili kipimo cha umeme wa moyo angalau mara moja. Hakiumi, huchukua dakika chache. Sukari ipimwe, na mimba ipimwe kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, bila kudhani. Orodhesha dawa: za presha, za kukojoza, za tezi dume na baadhi ya dawa za usingizi na msongo huangusha presha. Na kama huzimia ndani ya chumba chenye jiko la mkaa na madirisha yamefungwa, au wenzako humo wanaumwa kichwa, toka nje wote. Hiyo ni sumu ya hewa ya mkaa (kaboni monoksaidi).

Kuishi bila kuumia

Dalili zikianza, usipambane ubaki wima kwa kuogopa watu. Chuchumaa au lala hapo hapo, hata kama ni kwenye vumbi la stendi, kanga itafuliwa. Ikiwa huwezi kulala, pishanisha miguu na kubana mapaja na makalio kwa nguvu, au shikanisha viganja na uvute kila mkono upande wake, ukae hivyo nusu dakika hadi giza litoke machoni. Kisha kunywa maji, hadi nusu lita, na usisimame kabla ya dakika 10. Wengi huanguka mara ya pili, vibaya zaidi, kwa sababu waliinuliwa haraka.

Asubuhi kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama. Kunywa maji lita 2 hadi 2.5 kwa siku, zaidi kwenye joto, isipokuwa daktari amekuzuia kwa ajili ya moyo au figo. Kuongeza chumvi ni kwa asiye na presha ya kupanda na aliyeshauriwa tu. Oga maji ya uvuguvugu, ukiwa umekaa kwenye kigoda, mlango usiufunge kwa komeo. Kwenye jiko la chini au mafiga pika ukiwa umekaa pembeni, sufuria ya mafuta isikae upande wako. Majeraha ya moto ndiyo tunayoyaogopa kuliko kuanguka kwenyewe. Usipande mnazi wala paa, usiogelee peke yako, usiendeshe gari au bodaboda mpaka chanzo kijulikane.

Wanaokaa nawe wafundishe hivi: mlaze chali, inua miguu juu ya kiti au begi, legeza sidiria, mkanda na hijabu shingoni, watu wasogee. Asipewe maji akiwa hajazinduka, asiwekewe kijiko mdomoni, asivutishwe kiatu wala kitunguu. Akiwa anapumua lakini haamki baada ya dakika moja, mgeuze ubavu na mtafute gari. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua kwa mikono.

Karatasi zako zote za maabara ziweke kwenye mfuko mmoja wa plastiki, zikifuatana kwa tarehe, na zipige picha kwenye simu. Damu ikishakaa sawa, ipime pamoja na feritini kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6 ikiwa hedhi bado ni nzito. Siku ukiona hamu ya barafu au mchele mbichi imerudi, usingoje tarehe hiyo. Nenda ukapime wiki hiyo hiyo.